Jahazi la ziwani kwenye kadi ya Mombasa

Kila nikiposti picha za kadi zangu, hizi zinaitwa kadi maksimamu, postikadi yenye stempu na muhuri vinavyoendana na picha yake, naulizwa maswali yale yale, dada mbona stempu umeibandika upande wa picha, si inakaa nyuma kwenye anwani, na wengine wanauliza kama ni kweli kuna mashindano ya kimataifa ya vitu hivi. Yapo jamani. Nimeshiriki mwenyewe, nimesafirisha kurasa 80 kwenye begi la mkononi nimelipakata njia nzima kama mtoto mchanga, nimepata pointi 76 katika 100, na leo nataka niwasimulie ilivyokuwa, hasa ile kadi moja ya jahazi, maana nikifumba macho bado naiona.

Nianze nyuma kidogo. Mie mtu wa Tanga, babu mzaa mama alikuwa nahodha, Tanga na Pemba, Tanga na Unguja, upepo ukiruhusu mpaka Mombasa, kabeba boriti kabeba chumvi kabeba nazi. Mjomba akarithi kazi, na yeye ndo alinifundisha tukiwa wadogo kwamba hii ni mashua, hii ni ngalawa, lile kule ni jahazi, ukikosea anakucheka siku nzima. Nikaja Ufaransa, mji wa Lyon, nikapata kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kukaa nao. Hiyo ni 2008. Stempu sikuwa na habari nazo kabisa.

Mwaka 2012 kulikuwa na mzee mmoja, karani wa posta mstaafu, mie kimoyomoyo nilikuwa namwita Babu. Ana albamu kubwa kabatini haachi mtu aiguse. Jioni moja nampelekea chai akaniuliza hasa natoka wapi, nikamwambia Tanzania, basi akafungua albamu akatoa postikadi ya Mlima Kilimanjaro, juu ya picha kuna stempu ya Kilimanjaro ile ya 1935 yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, imeandikwa Kenya Uganda Tanganyika, na muhuri umegongwa Moshi. Akanipa niishike. Akawa anasubiri nisifie. Mie nikaangalia nikamwambia Babu, hii picha haikupigwa Moshi, imepigwa ng'ambo, upande wa Kenya. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha Mawenzi, kile kilele kidogo cha Kilimanjaro. Ukiwa Moshi unaangalia mlima, Mawenzi iko mkono wa kulia wa Kibo, kile kilele kikubwa, ukiwa Amboseli au Loitokitok Mawenzi inakuja kushoto, na kwenye kadi yake ilikuwa kushoto. Mtu yeyote wa Moshi anakwambia hilo bila kufikiria. Babu akachukua kioo cha kukuzia akaangalia weee, halafu akanyamaza. Kadi ile alikuwa nayo miaka zaidi ya 30. Nikajua nimemuudhi, kumbe yeye ananiwazia jingine, akasema vuta kiti ukae.

Ndo akanifundisha. Kadi maksimamu ni vitu vitatu vinakutana: postikadi, stempu, na muhuri wa posta, na vyote vitatu viwe vinasema kitu kimoja. Stempu ina mnara, postikadi iwe na mnara huo huo, na muhuri uwe wa mji wenye mnara, na tarehe ya muhuri iwe karibu kadiri inavyowezekana na siku stempu ilipotoka. Stempu moja tu, inakaa upande wa picha, na muhuri uguse stempu na uguse na kadi, ili ionekane vilikuwa pamoja siku ile posta. Aliniambia watalii waliokuwa wanaenda Misri miaka ya 1900 hivi walikuwa wanafanya hivyo bila hata kujua wanaanzisha kitu, stempu za Misri za wakati huo zilikuwa na Sphinx na piramidi, mtalii ananunua postikadi ya piramidi, anabandika stempu ya piramidi kwenye picha, anapeleka posta inagongwa. Baadae watu wakaja kuweka sheria. Leo kuna shirikisho la dunia la wakusanyaji stempu, FIP, lipo tangu 1926, na ndani yake kuna kamisheni nzima ya kadi hizi na majaji waliosomea.

Babu akanipeleka kwenye klabu yao. Mimi peke yangu mweusi, mimi peke yangu chini ya miaka 60, nilikaribishwa vizuri wallahi, kila mtu ana kadi za ziada anataka kukupa. Alifariki 2014. Albamu walichukua watoto wake, mali yao, ila kile kioo cha kukuzia walinipa na ndo nakitumia mpaka leo.

Sasa niwaambie kitu kuhusu Ufaransa, maana bila hiki hamtaelewa shida yetu. Huku stempu mpya ikitoka, tuseme ina kanisa la kijiji fulani, posta inaenda kufungua meza kwenye kijiji hicho hicho, siku ya kwanza, na muhuri maalum wenye mchoro. Wewe unafika asubuhi na postikadi yako ya kanisa, unanunua stempu, unabandika, unagongewa, umemaliza, mahali ni pale, tarehe ni ile, kadi imekamilika unaenda kunywa kahawa. Kwetu stempu ya mnyama wa Serengeti au jengo la Unguja inazinduliwa Dar, au ya Lamu inazinduliwa Nairobi, na muhuri wa siku ya kwanza unakuwa wa mji mkuu. Kwa hiyo ukitaka muhuri wa mahali penyewe inabidi usafiri wewe mwenyewe mpaka kule ukaongee na mtu wa dirishani. Na kule postikadi zinazouzwa ni za watalii, picha nne kwenye kadi moja, au maandishi makubwa ya Jambo na Hakuna Matata yamekula nusu, na sheria inataka picha ichukue angalau asilimia 75 ya kadi na iwe picha moja. Nimewahi kuzunguka maduka ya Stone Town kutwa nzima kutafuta postikadi ya jahazi yenye picha moja, nikarudi na mbili.

Nilianza kama kila mtu anavyoanza, na kadi za WWF. Zile za wanyama walio hatarini, mpango ulianza 1983, kila seti inakuja na stempu nne na kadi maksimamu nne zimeshagongwa tayari, Kenya wana twiga wa 1989 wazuri sana. Unanunua yuro chache mtandaoni. Hazina ubaya ila ukizipanga unakuta na jirani yako kazipanga hizo hizo, na wewe hujafanya kitu umenunua tu. Nikaziacha.

Nikachagua vyombo vya matanga. Mtoto wa Tanga na mjukuu wa nahodha nichague nini kingine. Nikaita mkusanyiko wangu Safari ya Upepo, na nikaanza kutafuta, mshahara wote wa ziada unaishia Delcampe, soko la mtandaoni la wakusanyaji, na kwenye masoko ya Jumapili. Meli za Ulaya hazisumbui, Belem ya Nantes iliyoundwa 1896, Amerigo Vespucci ya Italia, Sagres ya Ureno, Gorch Fock ya Ujerumani, kila moja ina stempu kibao, postikadi kibao, mihuri ya bandari kibao. Miaka mitatu nikawa nimejaza. Halafu nikaweka sura ya mwisho ya kule kwetu, Zanzibar, Mombasa, na Oman, wale walitoa stempu 1981 za safari ya Sohar, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari kikatoka Oman mpaka China. Ile ya Sohar shangazi yangu aliyeko Muscat alinitafutia, alimpata mzee mmoja anazo, akamsumbua mpaka akauza.

Huku huruhusiwi kuruka tu kwenda kimataifa. Unaanza mashindano ya mkoa, ukifanya vizuri unaenda ya taifa, ndo unapelekwa nje. Mkoa nilienda 2015 na hapo nikapata kipigo cha kwanza, nacho nilistahili. Mwaka 2013 nilikuwa likizo nyumbani, nikabeba stempu ya Zanzibar ya 1957, ile ya enzi ya Sultani yenye jahazi, nilinunua safi haijatumika, nikanunua postikadi mpya ya jahazi, nikaibandika, nikaenda posta moja nikamwomba kijana wa dirishani aigonge. Aliisoma, akanitazama, akasema dada hii hela ya zamani hii, nikambembeleza, akagonga kwa roho safi tu. Mie nikaona nimepata almasi. Jaji wa mkoa aliiangalia sekunde tano. Stempu ile ilishaacha kufanya kazi posta miongo mingi kabla ya huo muhuri, kwa hiyo muhuri wangu ni pambo tu, hakuna barua ingeweza kwenda na stempu ile mwaka 2013. Muda ni sehemu ya kadi kama mahali palivyo. Stempu ya 1957 inataka postikadi ya miaka hiyo na muhuri wa miaka hiyo, yaani inabidi awepo mtu aliyefanya jambo hilo wakati huo, wewe leo kazi yako ni kumtafuta huyo mtu alichoacha, huwezi kumwigiza.

Na nyingine nilitolewa hapo hapo kwa kuwa picha nilipiga mwenyewe Tongoni, nikaisafisha studio Tanga kwa saizi ya postikadi. Picha nzuri, watu wote waliisifia. Hairuhusiwi. Postikadi iwe iliuzwa kwa watu, isiwe kitu umejitengenezea ili kiendane na stempu.

Nikarekebisha. Nikatoa, nikaongeza, nikaandika upya. Taifa 2017 nikapita, nikaambiwa mwaka unaofuata nitaenda kimataifa, nje ya Ufaransa, mji na maonyesho yenyewe naomba nisiyataje. Fremu tano, yaani mbao za kioo za kuonyeshea, kila fremu kurasa 16, kila ukurasa kadi mbili, ukitoa ukurasa wa utangulizi na mpango unabaki na kadi 150 na ushee. Kwa miezi minne nikirudi kazini saa mbili usiku nakaa mezani mpaka saa sita, nakata karatasi, naandika maelezo, nachora mistari ya bluu kama mawimbi pembeni ya kila ukurasa. Hiyo mistari ya bluu ilinichukua wiki tatu. Baadae ndo nikasoma vizuri karatasi ya majaji, kupendeza kwa kurasa ni pointi 5 katika 100. Tano tu. Uhaba na hali ya kadi ni 30, na zinazobaki zote ni jinsi ulivyopanga hoja yako, mkusanyiko wenyewe una uzito gani, na unakijua kiasi gani unachokionyesha.

Ukumbi ni mkubwa kama soko, fremu kwa mamia, unaona watu wameinama pua inakaribia kioo. Wachina walikuwa na kadi za kupendeza mno, Warumania na Wareno wana mkusanyiko umepita babu baba mtoto. Nikatembea nikajiona mdogo, halafu nikafika kwenye fremu zangu nikakuta watu wawili wamesimama mbele ya sura ya mwisho, ile ya kwetu, na pale kwenye Belem na Vespucci hakuna mtu. Nilifurahi lakini sikuelewa maana yake.

Majaji wanapita kwanza wenyewe mmefungiwa nje, wakimaliza wanatangaza, halafu kuna siku ya kukaa na jaji mbele ya fremu zako akueleze. Pointi 76. Sabini na tano ndo medali ya fedha kubwa inaanzia, themanini ni vermeil, yaani fedha iliyopakwa dhahabu, tisini dhahabu, kwa hiyo nilikuwa kwenye fedha kubwa kwa pointi moja juu ya mstari. Mgeni kama mimi nilitakiwa nifurahi na nilifurahi, nikampigia mama Tanga akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Jaji aliyenieleza alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, ana daftari limejaa. Akaanza na meli za Ulaya, akasema safi, sahihi, lakini kila mwaka naona hizi hizi. Halafu akanivuta mpaka fremu ya tano. Akasema hapa ndo nilitaka kukupa pointi nyingi, na hapa ndo nimeshindwa. Akaweka kidole kwenye kioo.

Ilikuwa kadi yangu niipendayo kuliko zote. Stempu ya 1935 ya Kenya Uganda Tanganyika, senti 5, ina jahazi limefura tanga. Postikadi ni ya bandari ya zamani ya Mombasa, majahazi yamepanga, ya kale kweli kweli. Muhuri ni Mombasa 1936, umekaa vizuri, unasomeka herufi zote. Nilitoa yuro 90 kwa kadi ile, kwangu hizo si hela ndogo. Nikamwambia huyo mama, stempu ni jahazi, picha ni jahazi, Mombasa ni bandari ya majahazi, babu yangu alikuwa anatia nanga hapo hapo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, hili jahazi la kwenye stempu liko bahari gani?

Nikasema Hindi.

Akasema hili liko Ziwa Victoria.

Jamani nilisikia baridi mpaka miguuni. Kwa sababu katalogi, kitabu cha orodha ya stempu, ninayo, iko nyumbani mezani, na nilijua alichosema ni kweli kabla hajamaliza, imeandikwa wazi kabisa kwenye orodha ya seti ile, korongo, simba, Kilimanjaro, daraja la Jinja, Ziwa Naivasha, na jahazi la Ziwa Victoria. Nimeusoma huo mstari mara mia. Ila kila nilipoliona lile tanga, macho yangu yaliona Tanga. Mie mtoto wa pwani niliona jahazi nikajua la kwetu, halikunipita hata wazo kwamba linaweza kuwa la mtu mwingine. Miaka sita nyuma nilimrekebisha Babu wa watu kwa ajili ya Mawenzi, nikajiona mjuzi, na mimi nimekaa na kosa lile lile kwenye fremu ya kimataifa, mbele ya dunia nzima.

Na yule mama hakuishia hapo, wala hakuwa na kejeli, akanieleza kwamba kadi inayotakiwa pale ni postikadi ya jahazi ziwani na muhuri wa mji wa ziwani, Kisumu au Mwanza au Bukoba au Entebbe, yoyote, maana stempu ile ilitumika nchi zote tatu, na kwamba yeye katika miaka yake yote ya ujaji hajawahi kuiona kadi hiyo. Akaniambia wewe ndo unaweza kuipata.

Usiku ule hotelini nilimpigia mjomba. Nikamtumia picha ya stempu kwa WhatsApp, nikamweleza. Nilidhani atanicheka kama zamani. Akakaa kimya kidogo akasema, mafundi wa pwani walipanda bara zamani sana, walifika mpaka ziwani wakaunda vyombo kule, wewe hukuambiwa hilo? Kwa hiyo jahazi la ziwani ni ndugu yetu tu, limehamia. Nikaenda kusoma na ni kweli, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifikisha vyombo vya namna hiyo ziwani karne ya 19, hata kabla ya reli, maana reli kutoka Mombasa imefika Kisumu 1901 na wakati huo mji ukiitwa Port Florence. Haya yote yalikuwa ndani ya stempu ya senti 5 na mie nilikuwa nimeyafunika na postikadi ya Mombasa. Nilichokuwa nacho mkononi ni hadithi nzuri zaidi ya niliyoisimulia.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kufanya kazi. Zamani nilikuwa naipata stempu, naikimbilia postikadi. Sasa stempu inakaa mezani wiki nzima naiuliza wewe ni nani, uko wapi, nani kakuchora, mlingoti umeinama vipi, una mirengu pembeni au huna, maana wauzaji wa huku vyombo vyetu vyote wanaviita jina moja, anakuuzia kadi ya ngalawa anakwambia jahazi, na jaji anayejua anakukata hapo. Chombo nisichokijua namtumia mjomba. Ana miaka 74, miwani imefungwa na uzi, anaangalia picha ya mwaka 1920 anakwambia hii imetoka kukarabatiwa, angalia mbao za ubavuni. Hakuna katalogi ina hilo.

Nimeondoa nusu ya meli za Ulaya. Iliniuma, hela zangu zile, lakini yule mama alisema kweli. Nafasi yake nimeweka vya kwetu, kuna Sham Alam, jahazi la Sultani Khalifa bin Harub, lipo kwenye stempu za 1936 za kutimiza miaka 25 ya utawala wake, hiyo na muhuri wa Zanzibar nimeipata kwa mkusanyaji wa Uholanzi baada ya barua kumi na moja. Halafu nimefungua mlango mpya wa ziwani, nimeufikisha mpaka injini zilipochukua nafasi ya matanga, maana ile seti ya 1969 ya vyombo vya majini ina MV Victoria, na stempu zile ziliandikwa nchi zote tatu, kwa hiyo muhuri wa Mwanza ni halali, wa Kisumu ni halali, wa Bukoba ni halali, meli ilikuwa inapita kote. Nina ya Bukoba. Muhuri umefifia kidogo ila unasomeka.

Na hizi za kutengeneza mwenyewe kwa stempu mpya nimejifunza kwa machozi pia. Kuna posta moja niliwatumia kadi sita kwa barua, nikaomba kwa adabu zote wagonge juu ya stempu upande wa picha, zikarudi zimegongwa nyuma kwenye anwani, zote sita, na moja ina alama ya kikombe. Siwalaumu, nani aliwahi kuwaambia kuna watu wanataka hivyo. Sasa siwatumii, naenda. Nikiwa likizo naenda asubuhi posta ikiwa haina foleni, nabeba kadi moja iliyokamilika kama mfano, namwonyesha karani, namweleza, shikamoo kwanza kama ni mtu mzima, naomba ajaribu muhuri kwenye karatasi ya kawaida ili tuone wino. Kadi zinazong'aa wino hauzishiki, unateleza, unatakiwa uiache wazi ikauke usiirundike na nyingine. Posta ya Moshi mama mmoja aligonga kadi zangu kwa utulivu kama anatia hina, kila muhuri robo juu ya stempu robo tatu juu ya kadi, mpaka nikamwomba nimpige picha mikono.

Kinachoniuma, na hili nalisema kutoka moyoni, ni kwamba kadi za kwetu kwenye fremu za dunia zinaonyeshwa na watu ambao hawajawahi kufika kwetu, na sisi tuliofika tuliozaliwa hapo hatumo. Ule ukumbi mzima Mwafrika Mashariki nilikuwa peke yangu. Mtu wa Lamu angeona makosa ambayo jaji hajayaona. Mvuvi wa Ukerewe angejua lile jahazi kwa kulitazama tu. Postikadi za zamani zinatupwa, nimeona kwa macho yangu nyumba inahamwa Chumbageni na boksi la barua za miaka ya 50 limewekwa pembeni ya jalala, nililifungua pale pale nikakuta mbili za maana, zimeliwa na mchwa pembeni.

Nyumbani kwangu Lyon albamu ya kazi, si ya maonyesho, ukurasa wa kwanza wa sura ya ziwani nimeuacha. Juu pana nafasi ya kadi moja, nimeandika kwa penseli Kisumu, chini yake Mwanza, chini yake alama ya kuuliza. Ile ya Mombasa nimeihamishia nyuma ya albamu, siiuzi. Nimeshapata postikadi tupu ya majahazi kwenye gati la Kisumu, ya zamani, haijaandikwa kitu, na stempu ya senti 5 ninayo, ziko bahasha moja lakini siwezi kuzikutanisha, wa kuzikutanisha alitakiwa awe amesimama posta ya Kisumu miaka hiyo ya 30. Naamini alikuwepo. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kwenu ni Kisumu, Mwanza, Bukoba, Jinja, na bibi ana sanduku la chuma chini ya kitanda lenye barua za zamani, mwombe ruhusa ufungue, na ukikuta postikadi igeuze, angalia na upande wa picha.